Tenda ya Bei ya Chini Inatutoka Ghali

Wasee wa Meru na Embu, leo tuongee tenda. Najua ukisikia hilo neno unawaza nani amekula nini. Hiyo stori iko, lakini kuna nyingine haiongelewi: hata tenda ikienda safi, bila mtu kuguza shilingi, bado tunaweza kujengewa kitu kibaya.

Cheki vile inaenda. Kaunti inataka darasa la chekechea. Inatangaza, makontrakta wanaleta bei, aliyetimiza masharti kwa bei ya chini anabeba. Sawa. Lakini stima ya kuwashwa mchana kwa sababu madirisha ni madogo, maji ya kununua kwa sababu hakuna gata, na marekebisho ya kila mara, nani analipa? Ni sisi, mwaka baada ya mwaka. Hiyo pesa haikuhesabiwa kwa tenda.

Na hali ya hewa yetu haifanani. Embu, ukiwa Manyatta kwenye majani chai ni baridi na mvua. Ukishuka Mbeere, Siakago mpaka Kiambere, ni jua. Meru pia, Timau unavaa jaketi, Igembe Kaskazini unatafuta kivuli. Ramani moja haiwezi kufaa kote.

Kuna vitu hata havihitaji pesa. Ikweta inapita Meru. Jua linatoka mashariki, linapita juu ya kichwa, linazama magharibi. Kuta ndefu zenye madirisha zikiangalia kaskazini na kusini, watoto hawachomwi asubuhi wala jioni. Huko ni kugeuza ramani tu, huongezi hata mfuko wa simiti. Halafu paa la mita 60 za mraba, mvua ikinyesha milimita 10, linashika karibu lita 600. Mimi chuo niliacha katikati, lakini hesabu hiyo naiweza.

Kuta je? Kuna matofali ya udongo unaochanganywa na simiti kidogo, yanashindiliwa kwa mashine na kukaushwa. Hayachomwi, kwa hivyo hakuna mti unakatwa kuyaiva. Penye udongo unaofaa, vijana wa hapo hapo wanayatengeneza na pesa inabaki kijijini. Sheria tayari inatenga asilimia 30 ya tenda za serikali kwa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Hiyo kazi ingetufaa kuliko kuuza kalamu na karatasi za ofisi.

Mtu wa ununuzi atakwambia, "Nikiacha bei ya chini, mkaguzi atanikalia." Hofu yake naielewa. Lakini soma Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015. Kifungu cha 3 kinataja maendeleo endelevu na kulinda mazingira. Kifungu cha 86 kinaruhusu mshindi apatikane kwa gharama nzima ya kumiliki kitu, si bei ya kwanza pekee. Shida ni kwamba kifungu cha 80 kinasema tenda zipimwe kwa vigezo vilivyoandikwa kwenye hati zake. Kama gata, tangi, kivuli na gharama ya miaka ijayo havikuandikwa, hakuna mtu anaweza kuviongeza baadaye. Hata kontrakta mzuri atajenga kile alichoandikiwa.

Ndio maana kupiga kelele siku ya kufungua jengo ni kuchelewa. Mkakati wa bajeti ya kaunti unafaa kufika bungeni kabla ya Februari 28, na wananchi lazima wasikizwe. Nenda kwa hicho kikao. Muulize MCA wako: ramani ya zahanati yetu ilichorewa hapa ama imetolewa kwingine? Maji ya paa yanaenda wapi? Kuitunza miaka 20 itagharimu pesa ngapi?

Tenda zenyewe zinawekwa kwa tenders.go.ke. Fungua moja ya kaunti yako wiki hii, tafuta kama neno "tangi" liko ndani, halafu uniambie umepata nini.