Ulimwengu Usiokuwa na Hisabu

Ndugu zetu Waislamu,

Wako watu wa namna mbili wanaoshindana katika miji yetu juu ya michezo hii ya kompyuta, na sisi hatukubaliani na hata mmoja wao. Wa kwanza ni yule ambae akimwona mtoto wake ameshika kile kidude chenye vifungo hupiga ukelele kuwa ni uchawi na ushetani, akakivunja, na asijue hata kilichokuwamo ndani yake. Wa pili ni yule aliekinunua mwenyewe, akampa mwanawe, akamrudishia mlango wa chumba, na akiulizwa husema: "Ni mchezo tu, afadhali huo kuliko kuzurura mitaani." Wa kwanza amehukumu bila ya kuona. Wa pili hakuona wala hakuhukumu. Na mtoto yuko baina yao hana mlezi.

Wanavyuoni wetu wametufundisha kuwa kukihukumia kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe. Basi mimi, mzee wa miaka 66, ambae umri wangu nimeumaliza katika kusoma na kusomesha, nalitaka kujua. Nalikaa na mjukuu wangu wa miaka 14 kwa masiku kumi, baada ya sala ya Isha, nikacheza. Haya niandikayo nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyatenda kwa vidole vyangu.

Kilichonipeleka huko ni shilingi mia mbili. Nalimtuma mjukuu wangu dukani kununua sukari, na mwenye duka akakosea hisabu akamrudishia shilingi mia mbili zaidi. Kijana akaja nazo, akanionyesha, amefurahi. Nikamwambia: "Zirudishe." Akanitazama bila ya ujeuri, kwa mshangao wa kweli, akasema: "Kwani nani aliona, babu?"

Nimesomesha watoto kwa zaidi ya miaka arubaini, na nimejibiwa maneno mabaya kuliko hayo. Lakini hayo yaliniuma, kwani yalitoka katika kinywa cha mtoto anaesali. Nikamwuliza ameyapata wapi. Hakujua. Basi nikaanza kutafuta, na mahala pa kwanza nilipotafuta ni pale anapokaa saa nyingi kuliko anazokaa na mimi.

Mchezo wenyewe huitwa Skyrim, na ni wa tano katika mfululizo uitwao The Elder Scrolls, ambao wa kwanza wake ulitoka mwaka 1994. Umetungwa na Bethesda Game Studios ya Maryland, Marekani, na ulitolewa tarehe 11 Novemba 2011. Mwaka 2023 mkuu wao, Todd Howard, alitaja kuwa nakala zilizouzwa zimepita milioni 60. Basi asidhani mtu kuwa ni jambo la watoto wachache wa mtaani kwake.

Anaecheza hupewa nchi nzima ya milima na theluji, yenye majimbo tisa, miji, mashamba, mapango na magofu, na huenda atakako. Hapana anaemlazimisha njia. Huanza akiwa mfungwa, amefungwa mikono, yumo katika gari la farasi pamoja na wafungwa wengine, wanapelekwa kukatwa vichwa. Huulizwa yeye ni nani, na hapo ndipo anapochagua jina na kabila lake miongoni mwa kumi. Jina lake halimo katika orodha ya wahukumiwa, lakini mkuu wa askari huamrisha akatwe vile vile. Mara hutokea joka kubwa likauteketeza mji, nae akaokoka. Toka hapo ulimwengu ni wake.

Tuwe waadilifu kwanza, kwani Mwenyezi Mungu ametuamrisha uadilifu hata kwa tusiowapenda.

Hatusemi kuwa majoka yale ni kosa. Wazee wetu walitusimulia habari za majini na mazimwi, tukakua na wala hatukukufuru. Na imepokewa kuwa Bibi Aisha (r.a.) katika utoto wake alikuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa, na Mtume (s.a.w.) alipomwuliza juu ya farasi mwenye mbawa, nae akamjibu kwa kumtaja Nabii Suleiman, Mtume alicheka. Basi anaekataza mchezo kwa sababu tu mna kiumbe kisichokuwako, na alete dalili yake.

Wala hatusemi kuwa hamna zuri. Nchi ile imechorwa kwa ustadi mkubwa. Mna mamia ya vitabu ambavyo mtu aweza kuvifungua akavisoma, na mjukuu wangu, ambae kitabu cha shule humchosha, nalimkuta amekaa kitako akisoma tarikhi ya wafalme wasiokuwako. Mna mayatima ambao mchezaji aweza kuwachukua akawalea nyumbani kwake. Na watoto wadogo hawauliki humo kwa upanga wala kwa moto. Watungaji wake, basi, walijua kuwa pana mpaka. Neno letu ni juu ya pale walipouweka.

Usiku wa kwanza nalifika kijiji kiitwacho Riverwood. Kwa ugeni wangu wa vifungo nikabonyeza nisipojua, na upanga ukampiga kuku akafa. Kijiji kizima kikanijia kwa silaha! Mjukuu wangu akacheka mpaka akashika mbavu. Nikamwuliza: "Sasa nitawaombaje radhi?" Akasema: "Huombi radhi, babu. Rudi nyuma." Akabonyeza mwenyewe, na mara kuku yu hai, watu wako katika kazi zao, na hapana lililotokea.

Nami nikacheka. Lakini nilipolala nalifikiri, na kila usiku uliofuata nikaona lile nililolifikiri laongezeka. Nitayataja mambo matatu.

La kwanza ni bei ya dhambi. Katika ulimwengu ule kila kosa lina thamani yake ya dhahabu. Kuingia mahala pasipo ruhusa ni vipande 5. Kumwibia mtu mfukoni, 25. Kumpiga mtu, 40. Kuua nafsi, vipande 1000. Askari akikukamata ukimlipa, yamekwisha. Hunyang'anywa ulichoiba ukaenda zako. Aliekufa hana haki, wala mjane wake hapati hata kipande kimoja katika hivyo elfu. Na kosa la jimbo hili halikufuati katika jimbo jingine. Naam, hutokea alieibiwa akakodi wahuni wamwandame mwizi, lakini hicho ni kisasi, si hisabu.

Na liko kubwa kuliko hilo, ambalo niliposomewa nilitaka nisomewe tena. Mtu akitenda kosa na watu wakamwona, kisha akawaua wote waliomwona, huandikwa pale juu ya kioo kuwa shahidi wa mwisho ameuawa, na deni lake limefutwa. Limefutwa! Ameongeza damu juu ya wizi, na daftari yake imekuwa safi kuliko kabla ya kuua.

Sisi tumefundishwa kinyume cha hayo kabisa. Siku ambayo vinywa vitafungwa, mikono itasema na miguu itashuhudia, na ardhi yenyewe itatoa khabari zake. Utamwua nani ili ardhi inyamaze? Na Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa muflisi wa kweli ni yule atakaekuja Siku ya Kiyama na sala na saumu na zaka, lakini alimtukana huyu na akala mali ya yule, basi thawabu zake zikagawiwa waliodhulumiwa mpaka zikesha. Askari wa Skyrim hulipwa yeye. Hisabu ya Mwenyezi Mungu humlipa mwenye haki.

La pili ni huko kurudi nyuma. Mchezaji aweza kuhifadhi pale alipofika, kisha akatenda atakalo, na likimchukiza matokeo yake hurejea alipohifadhi kama kwamba hakutenda. Mtu hujifunza kuua ili aone tu itakuwaje. Hapana majuto, kwani hapana la kujutia. Na Suratul-Muuminun yatueleza habari za mtu atakaefikiwa na mauti akaomba arudishwe, huenda akatenda mema katika aliyoyaacha, nae atajibiwa kuwa haiwi kabisa, na mbele yake pana kizuizi mpaka siku ya kufufuliwa. Toba si kurudi nyuma. Toba ni kwenda mbele nawe umebeba ulilolitenda, ukamwendea uliemdhulumu ukamwambia: nimekukosea. Hilo ni zito, na ndilo linalomfanya mtu kuwa mtu. Kijana anaezoea kufuta kwa kidole, siku atakayovunja moyo wa mamake atatafuta kifungo gani?

La tatu ni wakati. Katika mchezo ule siku nzima, usiku na mchana wake, hupita kwa dakika 72. Yaani katika muda ambao ni kama ule wa baina ya Magharibi na Isha huku kwetu, mwanao ameishi siku nzima mahala pengine. Na kazi za kule hazishi: walitengeneza utaratibu ambao mashine yenyewe hutunga kazi mpya kila za zamani zinapomalizika. Nenda pango fulani, leta kitu fulani, rudi, nenda tena. Tena kazi zile kwa wingi wake humngoja mwenyewe. Joka litakalo kuteketeza dunia laweza kungojeshwa mwaka mzima, nae akavua samaki. Kitu pekee kisichomngoja mtoto yule ni umri wake. Afya na faragha ni neema mbili ambazo tumeonywa kuwa watu wengi hupunjika katika hizo, na sijaona duka linalonunua faragha ya vijana kwa bei rahisi kama hili.

Mtasema: "Sheikh, mtoto anajua kuwa ni mchezo." Naam, anajua. Wala sisemi kuwa mchezo ndio uliomfundisha maneno yale ya dukani. Wezi walikuwako kabla ya umeme. Nami kwa masiku kumi nalitafuta humo mwalimu wa mjukuu wangu, nikamkuta, lakini si humo peke yake.

Kwani ile hisabu ya Skyrim niliwahi kuiona wapi? Nimeiona kwa mfanyabiashara anaerekebisha mizani siku ambayo mkaguzi yuko mjini tu. Nimeiona kwa alie na kesi, ambae hatafuti haki bali hutafuta shahidi wa kumnyamazisha. Nimeiona kwa baba anaepigiwa simu na mdai wake, akamnong'oneza mwanawe: "Mwambie sipo." Mtoto yule amefundishwa na baba yake, katika chumba chenye nuru, kuwa kosa ni kuonekana. Watungaji wa Maryland hawakuleta kitu kipya. Wamechukua hisabu ya wanaadamu walioghafilika, wakaichora vizuri. Na wewe unaekivunja kidude, ukesha kukivunja utaivunja na mizani yako?

Usiku wa tisa mjukuu wangu alinionyesha mchezo wake mwenyewe, aliokuwa amekwenda nao mbali. Humo mna masanamu na madhabahu ya miungu wa uwongo, ambayo ukiyagusa hukuondolea maradhi hata ukiwa umetoka kuua, na mchezaji aweza kuyapita asiyaguse; nikamwambia ayapite. Na mna nguzo moja mlimani, ambayo mtu huamrishwa amlete mwenzake anaefuatana nae, amwambie aiguse, kisha amchinje hapo, ili apate kuonana na hilo pepo linaloabudiwa na kufikia zawadi yake. Nikamwuliza: "Umefanya?" Akasema hakufanya. Mwenzake ni mwanamke askari aitwae Lydia, aliepewa kumtumikia. Nikamwuliza kwa nini, na zawadi aitaka. Akainamisha kichwa, akasema: "Siwezi, babu. Amenibebea mizigo yangu toka mwanzo."

Nikamwambia: "Na pale nani aliona?"

Akanyamaza. Nami sikuongeza neno. Asubuhi yake nalipotoka msikitini nalimkuta amekwisha vaa, akaniambia anakwenda dukani mara moja, na zile mia mbili zilikuwa mkononi mwake. Sikumtuma mimi.

Basi ndugu zangu, umbile aliloliumba Mwenyezi Mungu halijafa katika watoto wetu. Limekosa wa kuliuliza suali. Lau ningalikivunja kile kidude usiku wa kwanza, nisingaliisikia habari ya Lydia. Na lau ningalimwacha nacho peke yake, yeye mwenyewe asingalijua kuwa ana kitu ndani yake kinachoona pale ambapo hapana anaemwona.

Wazee, twakutakeni haya. Mchezo usiingie nyumbani kabla hujakaa nao wewe. Na ukiona kuwa haufai kwa umri wa mwanao, mwambie haufai, na mwambie kwa nini. Ukiingia, uwe sebuleni penye watu, na uwe na saa yake, na adhana ikiadhiniwa uzimwe, kwani joka litangoja. Kaa nae, umwulize: aliekufa alikuwa na nani? Aliyeibiwa amekula nini? Na ungalitenda hivyo kama kusingalikuwa na kurudi nyuma? Kisha, na hili ndilo zito kuliko yote, usimwambie tena aseme kuwa haupo ilhali upo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kujihisabu nafsi zetu kabla ya kuhisabiwa, na watoto wetu awafanye ni wenye kumwogopa Yeye pale wasipoonekana na mwengine. Amin.