Tudurusu Picha za Kale Majumbani Mwetu

Mambo mawili yamekutana katika majumba yetu ya Pwani, na ni watu wachache wanaoyatia maanani. La kwanza ni kwamba zile picha za kale za Kihindi, ambazo zamani zilimlazimu mtu apange foleni juani na anunue tikiti, sasa zapatikana nyumbani saa yoyote, kwa kubonyeza tu. La pili ni kwamba wale waliojua kuzitizama, yaani wazee waliozifahamu nyimbo zake na visa vyake, wanatutoka mmoja baada ya mmoja. Chombo tumekipata, manahodha twawapoteza.

Maoni yangu ni haya. Picha nzuri ya kale haifai kuachwa iwe ya kupitishia wakati tu. Yafaa idurusiwe, na idurusiwe kwa pamoja, wazee na watoto, katika ukumbi mmoja wa nyumba.

Mimi nilikulia Mombasa katika miaka ya 1970 na 1980. Siku hizo Regal, Majestic na Naaz yalikuwa majina yaliyo katika kila kinywa. Picha ya Kihindi ilichukua saa tatu, na wengi wetu hatukukijua Kihindi. Tuliitegemea sura ya mchezaji na mlio wa fidla, na aghalabu hakukosekana mtu mmoja katika safu ya viti aliyejifanya mkalimani, akafasiri hata yasiyosemwa. Stelingi alipotokea, ukumbi mzima ulipiga makofi. Adui alipotokea, alizomewa kama kwamba asikia. Katika miji ya mwambao huu kina mama nao walikuwa na maonyesho yao peke yao, wasioingia wanaume, wakenda kwa makundi na mabuibui yao.

Kisha ikaja video. Katika miaka ya 1980 kanda zilifika hadi Lamu, na kina mama na wasichana wakawa wakikusanyika majumbani kuzitizama, nyengine mara nyingi. Jambo hilo halikupita hivi hivi, kwani mtafiti Minou Fuglesang alizungumzia wasichana hao na video zao katika kitabu chake, Veils and Videos, kilichotoka mwaka 1994. Leo kumbi zile tatu nilizozitaja hazionyeshi picha tena. Basi kwa picha za kale, nyumba ndiyo ukumbi uliobaki.

Sisi tuliosoma vyuoni twalijua vyema neno kudurusu. Mwalimu hakukubali mtoto aondoke na sura aliyoisoma mara moja. Uliirudia leo, ukairudia kesho, mpaka ukaisoma kwa ghibu, na maana yake ukaja kuipata ukubwani. Sisemi, na hasha nisiseme, kwamba picha ya sinema ni ya kulinganishwa na Maneno ya Mwenyezi Mungu. Ninalosema ni kwamba tulifunzwa tabia moja ya kujifunza, nayo ni kuwa jambo lenye maana halikupi maana yake yote siku ya kwanza. Tabia hiyo yatufaa katika mengi, na katika picha pia.

Mathalan, ichukue Mother India, picha ya Mehboob Khan iliyotoka mwaka 1957, ambayo Nargis ndiye Radha. Tulipokuwa watoto tuliikumbuka kwa ajili ya bunduki. Tulitoka tukisimuliana namna mama yule alivyompiga risasi mwanawe mwenyewe, Birju, kwa kuwa amemteka nyara msichana wa kijijini. Hapana shaka kisa hicho ni kizito. Lakini ukiitizama mara ya pili na ya tatu utaona kwamba shina la mambo si bunduki, ni daftari. Mavyaa yake Radha alikopa rupia 500 kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, ili afanye harusi ya mwanawe. Hakujua kusoma. Yaliyoandikwa hayakuwa yale aliyoyakubali. Wazee wa kijiji wakaketi, wakahukumu kwamba robo tatu ya mavuno iende kwa Sukhilala, iwe ni faida yake, na deni lenyewe libaki pale pale. Mateso yote ya nyumba ile yalianzia hapo.

Hivi karibuni niliitizama tena pamoja na wanangu. Tulipofika hapo binti yangu akaniuliza, "Baba, kwani bibi huyu hakusomewa?" Nikaisimamisha picha. Tukazungumza juu ya riba, ambayo sisi Waislamu tumekatazwa. Tukazungumza juu ya mikopo ya simu, ambayo mtu huikubali kwa kugusa kioo na asisome hata sharti moja. Tukawataja wazee wetu wa Pwani waliotia dole gumba katika karatasi za mashamba wasizozielewa, na watoto wao wakaja kuambiwa ni maskwota katika ardhi walimozikwa babu zao. Picha ilikaa imesimama karibu saa nzima, wala hapana aliyelalamika. Katika kumbi za zamani jambo hilo halikuwezekana. Picha ilikwenda, ukapenda usipende.

Ama Sholay, ya Ramesh Sippy, iliyotoka mwaka 1975, sina haja ya kuieleza. Hapana mvulana wa rika langu ambaye hakukiigiza kicheko cha Gabbar, yule jambazi aliyechezwa na Amjad Khan, au asiyejidai kuwa ni Amitabh Bachchan na rafiki yake ni Dharmendra. Lakini ni wangapi wamkumbukao imamu? Yumo mzee kipofu, imamu wa kijiji, aliyechezwa na A. K. Hangal. Mwanawe, Ahmed, auawa na Gabbar, na maiti yake yaletwa kijijini juu ya farasi. Wanakijiji waingiwa na hofu, wataka wale vijana wawili waliokuja kuwalinda wakabidhiwe kwa adui ili yaishe. Mzee yule ndiye aliyefikwa na msiba, naye ndiye apaswaye kulaumu. Badala yake awaambia kwamba yu tayari kumuuliza Mola wake kwa nini hakumruzuku wana zaidi wa kuwatoa kwa ajili ya kijiji. Kisha adhana yasikika, naye aelekea msikitini. Ni dakika chache tu katika picha ya saa tatu. Mtoto huzipita akingojea bunduki. Mtu mzima aliyewahi kuzika hawezi kuzipita.

Tena picha hiyo yatuonyesha jambo jingine. Mwisho tulioujua sisi, ambapo polisi wanafika na kumkamata Gabbar, sio mwisho uliotengenezwa kwanza. Katika ule wa awali Thakur, mzee aliyekatwa mikono, amuua Gabbar kwa miguu yake. Wakaguzi wa serikali ya India hawakuuridhia, ukabadilishwa. Mwaka 2025 picha iliyotengenezwa upya ilionyeshwa ikiwa na mwisho wake wa asili. Basi hata picha tuliyodhani twaijua kwa ghibu ilikuwa na mlango ambao hatukufunguliwa. Twaweza sasa kuwauliza vijana wetu: mwisho upi ulio wa haki zaidi, wa sheria au wa kisasi? Huo ni mjadala wa kutosha usiku mzima.

Liko na suala la lugha. Itizame Mughal-e-Azam, ya K. Asif, iliyotoka mwaka 1960, wakicheza Dilip Kumar, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Yusuf Khan, na Madhubala. Maneno ya nyimbo zake yalitungwa na Shakeel Badayuni, na muziki ni wa Naushad. Watu wa picha hiyo wasema Kiurdu safi cha majumba ya kifalme. Tega sikio utasikia maneno usiyohitaji kufasiriwa: dunia, wakati, kitabu, habari, safari, dawa, subira, dhuluma, adabu, imani, kaburi, mauti. Wao huyatamka kwa ulimi wao na sisi kwa wetu, lakini kisima ni kimoja, yaani Kiarabu. Mtoto anayelisikia neno la nyanyake katika kinywa cha mfalme wa Kihindi hawezi tena kudhani kwamba Kiswahili chake ni lugha ya kichochoroni.

Na hapa ndipo linapotugusa zaidi sisi watu wa Mvita. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alisifika Pwani nzima kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya picha za Kihindi. Tungo nyingi alizoziimba zilitoka kwa jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyochapishwa mwaka 1971. Shairi letu la kawaida lina mizani 16 kwa kila mshororo, 8 kwa 8, na vina vyake kati na mwisho. Mahadhi ya Kihindi hayakutengenezwa kwa kipimo hicho. Mtungaji alibidi ayasikilize, azijue pumzi zake, ajue ni wapi sauti huvutwa na wapi hukatwa, kisha atunge maneno yetu yenye vina vyetu na maana yetu, yaingie humo bila ya kupindwa. Wasiojua husema huko ni kuiga tu. Mtu aliyeusikia wimbo wa asili katika picha, kisha akausikia na ule wa Bhalo, ajua kwamba ni kazi ya fundi mwengine, na kazi yenyewe ni ngumu.

Lakini nauliza: leo nani ajua wimbo upi wa taarabu ulitokana na picha ipi? Katika nyumba nyingi ajuaye ni mtu mmoja tu, naye ni mama au shangazi aliyekaa pembeni hapana amuulizaye. Hajapata kuandikwa. Akiondoka, elimu hiyo yaondoka naye, na vijana watabaki na sauti wasiyoijua ilikotoka.

Najua wapo watakaoniambia kwamba sinema ni upuuzi. Wazazi wetu na masheikh wetu walilisema hilo, na walikuwa na haki katika mengi, maana wako watoto waliotoroka chuoni kwa ajili ya picha ya saa tisa. Siwapingi. Ziko picha zisizofaa mbele ya mtu mwenye staha, na hata katika hizi nzuri zimo ngoma zinazomfanya baba akohoe na atizame dari. Lakini hali imegeuka. Zamani mtoto alitoka nyumbani akaenda sinema. Leo sinema imemfuata chumbani mwake, imo ndani ya simu, usiku wa manane, hapana mzee wala jirani. Kukataza kwa maneno hakumfikii huko. Afadhali aonyeshwe kilicho bora mbele ya wazazi wake ili apate kipimo cha kupimia vyengine.

Mimi kipimo changu ni chepesi. Picha ambayo huwezi kuitizama mara ya pili ukiwa umekaa na mama yako na binti yako, hata ile mara ya kwanza haikustahiki. Na adhana ikilia, picha husimamishwa, watu wakaenda kusali kama alivyokwenda imamu yule. Picha haikimbii.

Kinachokimbia ni kingine. Mwaka 1931 ilitoka Alam Ara, picha ya kwanza ya Kihindi yenye sauti. Watu walijazana kuitizama, na nyimbo zake zikapendwa. Leo haijulikani kuwako hata nakala moja iliyosalia. Ikiwa India, yenye viwanda vikubwa vya sinema, imeipoteza picha yake kama hiyo, je sisi na kanda zetu za taarabu na za harusi, zilizolala chini ya vitanda zikila unyevu wa kusi na kaskazi?

Kwa hivyo natoa shauri, nalo halina gharama. Nyumba itenge usiku mmoja kwa juma. Itizamwe picha moja tu, ya kale, tangu mwanzo hadi mwisho, na simu za mkononi ziwekwe chumba kingine. Mzee apewe haki ya kuisimamisha wakati wowote aeleze, na mtoto apewe haki ya kuuliza lolote bila ya kukemewa. Pawe na daftari, na kila wimbo utakaotambulikana uandikwe: jina la picha, mwaka wake, jina la wimbo wa Kiswahili uliofuata mahadhi yake, mwimbaji na mtungaji. Mwenye kanda za zamani azifute vumbi, azitie majina, na ampe kijana anayejua kuzinakili.

Aliye na mama au shangazi anayezikumbuka nyimbo hizo, na amkalishe mbele ya televisheni juma hili hili, na kalamu iwe mkononi.