Mildred Pierce Arejea, Safari Hii kwenye Televisheni

Jumapili ya tarehe 27 Machi 2011, televisheni ya HBO ya Marekani ilianza kuonyesha tamthilia ya sehemu tano iitwayo Mildred Pierce. Aliyemwigiza Mildred ni Kate Winslet, Mwingereza ambaye wengi wenu mlimjua kwa Titanic ya mwaka 1997, na ambaye mwaka 2009 alitunukiwa Oscar kwa filamu ya The Reader. Wenye umri kama wetu, walioiona filamu ya zamani, wana haki ya kuuliza: kitu kilichokwisha kufanywa vizuri, chafanywa tena kwa nini?

Maana kilifanywa vizuri kweli. Filamu ile ilitoka mwaka 1945, mwongozaji akiwa Michael Curtiz, naye Joan Crawford akapata Oscar kwayo. Usiku wa tuzo alisema ni mgonjwa, akaletewa sanamu yake kitandani, na wapiga picha nao wakafika huko huko!

Kisa ni cha mama wa mabinti wawili katika mji wa Glendale, California, wakati uchumi wa Marekani ulipoporomoka. Mume ameondoka, deni la nyumba lipo pale pale, na ujuzi wa Mildred ni kupika na kuoka pai. Aoka akiuzia watu, kisha apata kazi ya kuhudumia wateja mkahawani. Lakini kazi hiyo aificha, kwa sababu binti yake mkubwa, Veda, hawezi kustahimili kwamba mamake huwabebea watu sahani. Siku Veda anapoivumbua ile sare, amvisha mtumishi wa nyumbani. Mama ajitetea kwa kusema kwamba amekwenda kule kujifunza biashara, na kweli afungua mkahawa wake, kisha mwingine na mwingine. Kila senti aielekeza kwa Veda. Kila apewapo, Veda amdharau mamake zaidi.

Filamu ya Curtiz yaanza kwa risasi. Mtu auawa kwenye nyumba ya pwani, polisi waja, nasi twasimuliwa maisha ya Mildred ili tupate kujua nani aliyefyatua. Katika riwaya ya James M. Cain ya mwaka 1941, ambayo ndiyo asili ya hayo yote, hakuna mauaji kamwe. Hollywood ya zama zile ilikuwa na kanuni za maadili zilizotaka mkosaji aonekane akiadhibiwa, na bastola yarahisisha hayo: polisi wamchukua Veda, nasi twatoka sinema tumeridhika. Kitabuni Veda awa mwimbaji hodari, aenda zake na kipaji chake, wala hakimu hamwiti. Anayefilisika ni mama, baada ya kuchota fedha za kampuni yake mwenyewe ili binti aishi kitajiri.

Sisi twaona kitabu chatisha kuliko filamu. Na kuna jambo jingine ambalo bastola ile ilituzuia tusilione. Aliyeificha sare kwanza ni nani? Ni Mildred. Kitabuni yeye mwenyewe aliona haya kuivaa, hata kabla Veda hajajua lolote. Binti hakuizua dharau ile kutoka hewani, aliikuta nyumbani. Katika mitaa yetu wapo kina mama waliosomesha watoto kwa mahamri na mbaazi, na wapo watoto wanaopita njia ya nyuma wakiwa na marafiki zao ili meza ya mama isionekane. Sisi hukimbilia kumlaumu mtoto. Ni mara chache tuulizapo ni nani aliyemwambia kwamba meza ile ni ya kuonewa haya.

Todd Haynes, mwongozaji wa tamthilia hii, alisema kwamba alikifuata kitabu. Hiyo ndiyo sababu ya kuitazama. Sehemu tano zampa nafasi ya kukaa jikoni kadiri apendavyo, unga ukionekana mikononi. Crawford, kwa uhodari wake wote, alikuwa na umaridadi uliotusahaulisha upesi kwamba huyu ni mtu aliyesimama kutwa nzima. Winslet huwa haogopi kuonekana amechoka.

Tahadhari kwa wenye watoto: riwaya ina mambo ya wanaume na wanawake ambayo filamu ya 1945 iliyafunika, na HBO haina desturi ya kufunika. Watoto na walale kwanza.

Tutakapoitazama, jicho letu litakuwa kwa ile sare. Twataka kuona Winslet atakavyoivaa asubuhi ya kwanza, akiwa peke yake mbele ya kioo, kabla binti hajaingia chumbani.