Kompyuta Ituulize kwa Lugha Inayoeleweka

Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza vibaya ni kumtega anayeulizwa. Mtu akitaka kusitisha usakinishaji wa programu kabla haujakamilika, kompyuta humuuliza: "Je, una hakika unataka kughairi?" Chini yake huwekwa vitufe viwili: "Sawa" na "Ghairi".

Mwanafunzi anayetaka kughairi abonyeze kipi? Akibonyeza "Ghairi" atakuwa ameghairi kule kughairi kwenyewe, na usakinishaji utaendelea. Swali likiwa la kukanusha, utata huzidi. Mswahili akiulizwa, "Hutaki kuendelea?" hujibu, "Ndiyo, sitaki," ilhali Mwingereza angeanza kwa "hapana". Mfasiri anayehamisha maneno akaiacha mantiki nyuma humpotosha msomaji.

Sisemi swali hilo liondolewe. Usakinishaji ukikatizwa, huenda baadhi ya faili zikabaki na nyingine zikakosekana, programu isifanye kazi. Onyo ni la haki, mradi lieleze litakalotokea. Huduma ya M-Pesa iitwayo Hakikisha humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka. Hilo ni swali lenye maana, kwa kuwa humpa mtu jambo la kupima.

Hapa Eldoret suala hili latuhusu. Mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa miongoni mwa taasisi zilizopewa jukumu la kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma. Watoto wa darasa la kwanza wa wakati ule sasa ni vijana. Iwapo maswali yasiyoeleweka yamewazoesha kubonyeza "Ndiyo" bila kusoma, mazoea hayo hayataishia kwenye usakinishaji. Kesho watafuta kazi yao ya mwaka mzima, au watakubali masharti wasiyoyajua.

Nashauri vitufe vitaje vitendo: "Endelea kusakinisha" na "Acha, utoke". Kiswahili hakina upungufu wa maneno. Jambo OpenOffice, iliyotokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilithibitisha hivyo zamani. Nanyi walimu, wapeni wanafunzi maswali haya ya kompyuta wayaandike upya katika kipindi cha Kiswahili. Atakayejifunza kuuliza kwa uwazi hatajibu ovyo aulizwapo.