Maneno ya Masisi yanajadiliwa ziwani, wenyewe wakiwa hawapo

NYABIONDO, Masisi. – Familia za Nyabiondo zimezoea picha moja. Pikipiki mbili zinapanda kutoka Masisi-centre: kwa moja kijana Mkongomani mwenye daftari, kwa nyingine mgeni mwenye kifaa cha kurekodi sauti. Wanapiga hodi kwa mkubwa wa kijiji, wanaonyesha karatasi yao ya misioni, halafu wanaanza kuuliza. Nani alichoma nyumba? Nani anakusanya pesa kwenye bariere? Shamba hili lilikuwa la nani mbele ya vita? Siku ya tano wanashuka Goma. Siku ya posho wanapumzika.

Kupumzika si kosa. Mtu aliyekaa siku tano akisikiliza habari za mauaji na za mama waliobakwa anahitaji hewa, na asiyepumzika mwisho wake anasikiliza vibaya. Kwa miaka ambayo Goma ilikuwa imejaa watafiti, mapumziko yao yalijulikana na kila dereva wa mji. Wenye uwezo walipanda Nyiragongo kutokea Kibati, mlima wa mita 3,470, kibali dola 300, wakalala juu wakitazama moto ndani ya shimo, kesho yake wakashuka. Wengine walipanda mtumbwi wa mashine kwenda Tchegera, kile kisiwa cha ziwa Kivu kilicho mali ya Mbuga ya Virunga. Wengine walivuka tu Gisenyi, ama walikwenda kwenye vilima vya Mushaki kununua jibini ya Masisi. Watu sita au saba katika gari moja: huyu anasoma mambo ya mashamba, yule vikundi vya silaha, mwingine koltani ya Rubaya.

Dola 300 ni pesa ambazo familia nyingi za Masisi hazijawahi kuzishika kwa mara moja, na ziko sauti zinazotaka mjadala uishie hapo. Lakini pesa siyo neno kubwa. Neno kubwa ni mazungumzo ya ndani ya mtumbwi.

Mtafiti hata akipumzika haachi kazi yake. Mmoja anasema, kule Nyabiondo wameniambia hivi. Mwenzake anajibu, ajabu, kule Kitchanga wameniambia kinyume. Wa tatu anakumbuka kitabu alichosoma. Katikati ya samaki na chupa ya bia, maneno yaliyookotwa hapa na pale yanaanza kuwa wazo, na wazo hilo baadaye linakuwa sura ya kitabu. Juma zima lilikuwa la kukusanya. Maana inatafutwa siku ya posho. Na siku hiyo kijana mwenye daftari hayupo. Alilipwa siku ya tano jioni, akarudi kwake Ndosho ama Majengo. Mama aliyejibu naye hayupo, bila shaka.

Hapo ndipo neno linapopotea. Mgeni akisikia salongo anaweza kuandika kwamba ni kazi ya pamoja ya kijiji, desturi nzuri. Watu wa Nyabiondo wanajua salongo ya kutengeneza njia, na wanajua salongo ya kubebea wenye silaha kuni na maji, na tofauti yake wanaijua mgongoni. Lala salama nayo, kwa masikio ya mgeni, ni salamu ya usiku. Kwa mkulima wa huku ni kodi anayomlipa mwenye bunduki ili alale. Katika mtumbwi nani atasahihisha?

Jambo hili si manung'uniko ya kijijini tu. Watafiti Wakongomani wa Kivu wenyewe waliandika juu yake katika mfululizo unaoitwa Bukavu Series, uliotoka kama kitabu mwaka wa 2020. Walieleza namna wanavyofungua milango, wanavyotafsiri, wanavyobeba hatari ya njia, halafu majina yao hayaonekani kwenye kazi iliyochapishwa. Walisema bila kuficha kwamba mwenzao wa Ulaya ana bima na tikiti ya kurudi, wao wanabaki na majirani waliowaona wakiuliza maswali.

Na ni desturi ya zamani. Mwaka wa 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka kwenye ziwa Edouard, akakuta mfupa wenye mikato iliyopangwa kama hesabu. Umri wake unakadiriwa miaka karibu 20,000. Mfupa huo uko Brussels, katika jumba la makumbusho. Mtoto wa Kivu ya Kaskazini anayejifunza hesabu chini ya bashi hajaambiwa kwamba moja ya alama za kale kabisa za kuhesabu duniani ilitoka jimboni mwake. Mfupa unaweza kubaki ulipo kwa sasa. Habari yake ingeweza kurudi hata kwa redio.

Kwa maneno ya watu walio hai, hatari ni kubwa zaidi. Ripoti inaweza kuficha jina na bado ikamtoa mtu nje. Ukiandika "mjane mwenye watoto sita, anauza mafuta ya ngazi karibu na kanisa", msomaji wa Geneva hajui ni nani. Jirani yake anajua, na mwenye silaha anayesoma simu yake anajua mbele ya jirani. Mtu wa kuona kosa hilo kabla halijachapishwa ni yule kijana mwenye daftari, kama angeonyeshwa karatasi.

Haki inadai kusema na upande wa pili. Wako wasaidizi waliojaza majibu wakiwa wamekaa hotelini, bila kufika kijijini. Na familia zilizokimbia zimejifunza kutoa jibu linaloleta bashi na unga; mtu mwenye njaa akiulizwa mara kumi anajua sauti ipi inasikilizwa. Ndiyo sababu mazungumzo ya mtumbwini yangefaidika kama yangepita tena mbele ya watu wa hapa.

Kinachoombwa ni kidogo. Katika siku za posho zote za utafiti, moja itengwe kwa kurudi. Uwanja wa kanisa unatosha, ama darasa la shule, ama saa moja kwenye redio ya jamii, kwa Kiswahili, Kihunde na Kinyarwanda, na Kinyanga kwa wa upande wa Walikale. Mtafiti aseme: tumesikia hivi, tunafikiri hivi, tumekosea wapi? Njia ikiwa imefungwa, sauti hutumwa kwa WhatsApp na redio huipeleka mbali. Yako mambo ambayo hayafai kusemwa hewani, kweli; msaidizi wa hapa ndiye ajuaye ni yapi, na aulizwe kwanza. Jina lake liandikwe kwenye kazi kama anakubali, na kama anaogopa, lifichwe kwa uamuzi wake mwenyewe.

Watakaosema si wakati wake watazame kilichotokea. Mwezi wa Januari 2025 M23 iliingia Masisi-centre, halafu Goma. Mwezi wa Februari kambi za kandokando ya mji, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na nyingine, zilivunjwa, na watu wakaambiwa warudi makwao. Watafiti wengi walikuwa wameondoka. Pale palipokuwa na vibanda hamna kitu cha kuonyesha kwamba watu walizaa na kuzika hapo. Kilichobaki cha maneno yao kwa sehemu kubwa kiko ndani ya mashine za vyuo vya Ulaya na Marekani, kwa lugha ambazo wenyewe hawasomi.

Familia nyingi kati ya zile zilirudi vijijini, nyingine katika nyumba zao zilizobomoka, nyingine kwa jamaa. Mwenye kutunza sauti zao hana haja ya kungoja. Anaweza kuanza kwa kumpigia simu kijana mwenye daftari. Namba yake anayo.