Kiolesura kinachosema "ndiyo" kwa kila kitu

Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, na hasira yenyewe ni juu ya mafaili. Wale ambao si watu wa programu msikimbie. Habari hii inahusu mishahara, na mishahara kila mtu anaielewa.

Kuna imani imeenea kwenye ofisi za kompyuta hapa Riyadh, na nadhani si hapa tu, kwamba programu iliyoandikwa kiustadi ni ile isiyojua faili lake liko wapi. Liko kwenye diski ya mashine, liko kwenye folda ya mtandao kule Jeddah, liko kwenye wingu la Amazon... wewe usiulize! Unaandika kiolesura kimoja, yaani orodha ya ahadi ambazo kila klasi ya faili lazima izitimize: fungua, soma, andika, ruka mpaka mahali fulani, hamisha, futa, piga kufuli. Kila aina ya hifadhi inaandikiwa klasi yake, na mtumiaji anaona faili tu. Kwenye ubao inapendeza sana. Msanifu mkuu wa kampuni niliyokuwa nafanya kazi alikuwa na kiolesura cha namna hiyo chenye methodi 27, na alikuwa akituonyesha kama mtu anavyoonyesha picha za harusi ya binti yake.

Mimi nasema huo ni uongo, na gharama yake huwa analipa mtu mwingine kabisa.

Mliofanya kazi serikalini nyumbani mnaijua masjala. Unaomba faili, mhudumu anakujibu: hili hapa, au limetoka liko kwa afisa fulani, au halipo. Likienda wizara nyingine linaandikwa kwenye daftari na mpokeaji anatia sahihi. Tunaisema sana masjala kwa vumbi lake na kwa "njoo kesho", lakini wazee wale walielewa jambo ambalo wasanifu wetu hawalitaki: kusogeza faili kutoka meza hii kwenda ile si sawa na kulipeleka mji mwingine.

Sasa sikilizeni. Mteja wetu alikuwa na wafanyakazi wa usafi na wa maghala Jeddah, makao makuu yakiwa huku Riyadh, kilomita kama 950 kwa barabara. Mwajiri hapa anatakiwa kuwasilisha faili la mishahara kupitia mfumo wa kulinda mishahara, ulioanza kwa awamu mwaka 2013. Programu ya Jeddah ilikuwa inaandika faili kwenye folda ya muda ya seva yake, halafu inaita methodi ya hamisha ili kulisogeza kwenye folda ya pamoja, ambako Riyadh inalichukua. Ndani ya methodi hiyo kulikuwa na renameTo ya Java. Ndani ya mfumo mmoja wa mafaili, renameTo inabadilisha jina tu, kufumba na kufumbua imemaliza. Ukitaka kuvuka kwenda mfumo mwingine wa mafaili, kwenye Linux inakataa. Na inakataaje? Hairushi kosa wala haipigi kelele. Inarudisha "si kweli" na kunyamaza. Maelezo rasmi ya Java yanatahadharisha kabisa kwamba huenda isiweze kuvuka hivyo, na kwamba jibu lake likaguliwe kila mara. Kiolesura chetu kitukufu kilisema hamisha hairudishi kitu. Kwa hiyo jibu likatupwa.

Miezi mingi mambo yalikwenda vizuri kwa sababu folda zote mbili zilikuwa kwenye diski moja. Siku moja watu wa mitambo wakahamishia folda ya pamoja kwenye mashine nyingine. Hawakutuambia, na kwa nini watuambie? Si tulijigamba wenyewe kwamba programu yetu haijali faili liko wapi! Siku nne faili lilikaa Jeddah huku kumbukumbu za programu zikisema limehamishwa. Wafanyakazi, wakiwemo Waganda na Wakenya ambao nyumbani kuna ada ya shule na kodi ya nyumba inasubiri, wakaambiwa benki ina tatizo. Benki haikuwa na tatizo lolote.

Waliotengeneza Java wenyewe walishaliona hili. Java 7, mwaka 2011, ilileta java.nio.file, na humo Files.move ikishindwa inarusha kosa lenye sababu. Ukitaka kazi ifanyike kwa mkupuo mmoja, ama lote ama hakuna, unaomba hivyo waziwazi, na kama mahali penyewe hapawezi, unaambiwa.

Najua kuna mtu atanirukia na Unix. "Kila kitu ni faili," tangu enzi za Bell Labs! Naam, lakini tazameni walivyofanya. Vitenzi vyao vikuu ni vichache, kufungua, kusoma, kuandika, kufunga, na ukijaribu kuruka mbele na nyuma ndani ya bomba, kerneli inakurudishia kosa lenye jina lake, ESPIPE. Haijifanyi imeruka. Stream ya C# nayo ina CanSeek, unaiuliza kwanza kama inaweza kuruka. Hiyo siipendi sana (ahadi ya kuuliza kwanza kama ni ya kweli ni ahadi gani?), ila angalau haikudanganyi. Go ndiyo imenifurahisha: io.Reader ina methodi moja tu, ya kusoma. Ripoti ya mishahara inasoma tu, sasa kwa nini tuikabidhi na uwezo wa kufuta?

Na wingu je? Ndoo za kawaida za S3, huduma iliyoanza 2006, hazina kuhamisha. Unanakili, kisha unafuta la zamani, na programu inaweza kufa katikati ya hayo mawili. Klasi itakayotimiza "hamisha" juu ya hapo inaigiza, na anayeiita hana habari.

Hata kusoma kwenyewe kuna mtego. Karani wa Jeddah anatoa orodha kwenye Windows kwa usimbaji wa Windows-1256, seva ya Riyadh inaisoma kama UTF-8, na majina yote ya Kiarabu yanageuka vinyago. FileReader ya Java haikuwa na pa kutaja usimbaji mpaka Java 11, mwaka 2018! Tarehe ndiyo usiseme. Kwenye Windows iliyowekwa Kiarabu cha Saudia, C# ukiiachia iandike mwaka kwenye jina la faili bila kutaja kalenda inaweza kukupa mwaka wa Hijria, 1446 badala ya 2025, na faili la mwaka huo likapangwa mbele ya mafaili ya mwaka 2010.

Wanasema bila kiolesura kimoja hatutaweza kubadilisha hifadhi wala kujaribu programu bila diski ya kweli. Tutaweza, tena kwa urahisi zaidi. Andika kiolesura kidogo cha kusoma, na anayetaka maandishi alazimike kutaja usimbaji. Andika kingine cha kuandika. Kubadilisha jina kuwe kitenzi chake, na kupeleka kuwe kitenzi kingine, kinachorudisha stakabadhi: ukubwa wa faili na alama yake ya uhakiki kama vilivyosomwa upande wa mpokeaji. Hakuna stakabadhi, halijafika, na programu iseme hivyo kwa sauti usiku huo huo, si baada ya siku nne.

Niliyasema haya kikaoni nikaambiwa nawaza kizamani. Nimeshaondoka pale, lakini rafiki yangu Msudani amebaki. Juzi kanieleza kwamba toleo jipya la kiolesura limetoka, sasa lina methodi 31. Nikamwomba anitazamie hamisha siku hizi inarudisha nini.

"Hairudishi kitu, ya bashmuhandis."