Hakuna Picha Isiyosafishwa

Wapiga picha wetu wana sifa moja wanayopenda kujipa, nami nimechoka kuisikia: "Mimi picha zangu siziediti, zinatoka kwenye kamera hivyo hivyo." Wateja nao wameimeza. Anayepiga faili ghafi (RAW), ambazo kamera haijazichakata, kisha akakaa kwenye kompyuta kuzishughulikia huonekana mchakachuaji, mtu wa kuficha makosa yake. Imani hii ni potofu, na inatuharibia sura. Nasema sura kwa maana ya uso wenyewe.

Kihisi cha kamera peke yake hakijui rangi. Kwenye kamera nyingi hufunikwa na kichujio alichobuni Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka 1976: nusu ya pikseli zinapokea kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kila pikseli inapima rangi moja tu. Mbili zilizobaki kamera hukadiria kwa kuangalia majirani. Kisha huamua cheupe kiwe cheupe cha namna gani, hukoleza, hunoa kingo, hufuta chengachenga, halafu hubana kila kitu kuwa JPEG na kinachobaki hutupwa. Faili ghafi ya biti 14 inaweza kubeba ngazi 16,384 za mwanga. JPEG ina 256 kwa kila rangi. Picha hiyo "isiyoguswa" imeguswa mwanzo hadi mwisho. Aliyeigusa ni mhandisi aliyeandika programu ya kamera, ambaye hakuwepo ukumbini wala hamjui bibi harusi wako.

Mafundi wa zamani wa studio walisema wazi kwamba wanasafisha picha, na hakuna aliyeona haya. Ndani ya chumba cha giza fundi aliukinga uso kwa kiganja usiungue, akaliongezea anga mwanga likolee. Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alipiga mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, na kwa miongo mingi akaendelea kuichapa negativu ile ile, anga likizidi kuwa jeusi.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi. Kipimo cha mwanga cha kamera huchukulia kwamba dunia, kwa wastani, ni ya kijivu. Msimamishe bibi harusi mweusi ndani ya shela jeupe: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, uso unazama. Enzi za filamu nazo, maabara zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa "Shirley", na kwa miaka mingi mwanamke wa kwenye kadi alikuwa mzungu.

Nilipiga harusi moja Tanga kwa JPEG tupu, nikijivunia. Mama wa bibi harusi alizitazama zote kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona sura ya binti yangu haipo?" Nilirudi nyumbani nikajaribu kuinua vivuli. Shavu likatoka na mabaka ya kijani na zambarau.

Najua nitakumbushwa shirika la habari la Reuters, ambalo Novemba 2015 liliwaambia wapiga picha wa kujitegemea wasilitumie picha zilizotokana na faili ghafi. Lakini shindano la World Press Photo hudai faili hizo hizo kwa wanaofika hatua za mwisho, ili waamuzi waone kilichobadilishwa. Kumfuta mtu kwenye picha ni uongo. Kuurudisha uso ulioonekana na ukumbi mzima ni kazi uliyolipwa.

Wala usiniambie programu ni ghali: darktable na RawTherapee ni za bure. Anza na mwanga, kisha rangi ya cheupe, na uache kununua vile vichujio vya kubofya mara moja vinavyowageuza maharusi wote kuwa rangi ya chungwa. Miezi mitatu ya kukaa na faili zako mwenyewe itakufundisha ngozi ya watu wako.

Yule mama wa Tanga, hadi leo sina picha ya kumpelekea.